Kuotesha nywele kwa mwanga mwekundu: mwongozo kamili, kuanzia kioo hadi mwezi wa sita

Kabla ya kununua taa yoyote, kaa karibu na dirisha mchana kweupe. Shika kioo kimoja mbele na kingine kisogoni, kisha pasua njia kwa mkia wa kitana pale nywele zinapopungua. Angalia ngozi. Ukiona vinywele vifupi, vyembamba, laini kama malaika ya mkononi, hiyo ni habari njema, kwa sababu mzizi unaotoa unywele wa namna hiyo bado uko hai, umedhoofika tu. Ukiona ngozi nyororo inayong'aa, haina hata kitundu, hapo mwanga hauna wa kumwamsha. Watu wengi waliovunjwa moyo na taa hizi walimulika sehemu ya namna hiyo ya pili, tena kwa miezi.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hufanyika kabla hujawasha swichi.

Mwanga unahusianaje na nywele

Mwaka 1967 daktari wa Hungaria, Endre Mester, alinyoa migongo ya panya akawamulika kwa leza dhaifu ya yakuti. Alitaka kujua kama leza ingewaletea saratani. Saratani haikuja, ila nywele za panya waliomulikwa ziliota upesi kuliko za wenzao. Miaka mingi baadaye, wahudumu wanaoondoa nywele za mwilini kwa leza wakakutana na kioja kinachofanana na hicho: kwa baadhi ya wateja nywele ziliongezeka pembezoni mwa sehemu iliyochomwa, pale ambapo mwanga ulifika ukiwa umefifia.

Maelezo yanayokubalika zaidi ni haya. Ndani ya seli mna mitokondria, mitambo midogo ya kutengeneza nishati, na humo mna kimeng'enya kiitwacho saitokromu c oksidasi ambacho hufyonza mwanga mwekundu pamoja na infraredi, mwanga usioonekana kwa jicho, iliyo jirani yake. Kikishaufyonza, seli hupata nishati zaidi, na naitriki oksidi, ambayo hutanua mishipa midogo ya damu, huachiliwa. Mzizi uliokuwa umepumzika huingia mapema kwenye awamu ya kukua, na ule unaokua hukaa kwenye awamu hiyo muda mrefu zaidi.

Awamu hizo zishike kichwani, maana ndizo zitakazokupa subira. Unywele wa kichwani hukua kwa miaka 2 hadi 6, hupita kipindi kifupi cha mpito cha wiki 2 au 3, kisha hupumzika kwa miezi kama 3 na kudondoka. Ndiyo sababu kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni jambo la kawaida. Na unywele hurefuka takriban sentimita 1 kwa mwezi. Atakayekuahidi mabadiliko ndani ya wiki mbili, muulize amepata wapi unywele usiofuata kalenda hiyo.

Ushahidi upo, ingawa si wa miujiza. Mwaka 2007 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliruhusu kitana cha leza kiitwacho HairMax LaserComb kiuzwe kwa wanaume wenye upara wa kurithi, na mwaka 2011 ikaruhusu kwa wanawake. Ruhusa hiyo ni nyepesi kuliko ile inayotolewa kwa dawa, na wauzaji hupenda kulificha hilo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, wa wanaume 128 na wanawake 141 waliotumia kitana hicho au cha bandia kisichotoa leza mara 3 kwa wiki kwa wiki 26, ulionyesha ongezeko la nywele kama 20 kwa kila sentimita ya mraba, huku waliopewa kitana bandia wakipata chini ya 10. Kichwa chenye afya huwa na nywele zaidi ya 100 katika eneo hilo. Kwa hiyo usitarajie kichaka, tarajia ngozi ionekane kidogo kuliko ilivyokuwa. Na tafiti nyingi za jambo hili zimegharamiwa na watengenezaji wenyewe. Mimi hilo halinifanyi nizikatae, bali nizisome nikiwa macho.

Hatua ya kwanza: jua kinachokunyonyoa nywele

Mwanga mwekundu umejaribiwa zaidi kwa upara wa kurithi. Kwa mwanaume huo huanza kwenye panja na utosini. Kwa mwanamke njia ya katikati hupanuka mwaka hadi mwaka huku mstari wa mbele ukibaki ulivyo. Kama hiyo ndiyo hali yako na bado iko mwanzoni au katikati, wewe ndiye mlengwa.

Hali nyingine zina dawa zake. Nywele zikidondoka kwa mafungu miezi 2 au 3 baada ya kujifungua, homa kali, upasuaji au kujinyima chakula, mara nyingi hurudi zenyewe. Ukiwasha taa wakati huo, utaipa taa sifa isiyo yake. Mabaka ya duara yanayotokea ghafla, laini kama yamenyolewa, huenda ni kinga ya mwili inayoshambulia mizizi. Magamba, kuwasha na nywele zilizokatika karibu na ngozi, hasa kwa mtoto, huenda ni mapunye, na mapunye hutibiwa kwa dawa ya fangasi ya kumeza. Upungufu wa madini ya chuma na matatizo ya tezi ya thairoidi hupunguza nywele kichwa kizima, na vipimo vya damu hubainisha.

Kuna mawili yanayohitaji haraka. La kwanza ni nywele za pembeni zinazong'oka kwa sababu ya misuko ya kubana, wigi la gundi au mkia wa farasi unaovutwa kila siku. Hapo taa ya kwanza ni kulegeza. Mzizi unaovutwa hauponi kwa kumulikwa, na ukivutwa miaka mingi hufa moja kwa moja. La pili ni ngozi inayouma, inayochoma au kuwasha utosini huku nywele zikipotea na vitundu vikifungika. Hizo ni dalili za upara wa makovu, na kila mwezi unaopita unaondoka na mizizi isiyorudi. Nenda kwa daktari wa ngozi kabla ya kitu kingine chochote. Mtu akiniomba ushauri akiwa na dalili hizo, simuelezi habari za taa hata kidogo.

Hatua ya pili: hakikisha mwanga hautakudhuru

Kwa watu wengi madhara ni madogo: ngozi kukauka, kuwasha kidogo, joto, wakati mwingine kichwa kuuma. Lakini kaa mbali na taa hizi, au umuone daktari kwanza, kama una doa au kidonda kisichoeleweka kichwani, umewahi kuwa na saratani ya ngozi hapo, au una ugonjwa unaochochewa na mwanga kama lupasi na pofiria. Mwenye kifafa kinachoamshwa na taa zinazomweka asitumie kifaa kinachowaka na kuzima. Mjamzito ni heri asubiri, kwa kuwa tafiti hazikuwahusisha wajawazito.

Angalia pia dawa unazomeza. Antibiotiki ya doksisaiklini na ndugu zake, isotretinoini ya chunusi na amiodaroni ya moyo hufanya ngozi iudhike na mwanga. Mwonyeshe mfamasia orodha yako yote, pamoja na zile za mitishamba.

Kuna jambo ambalo wauzaji huliandika kwa herufi ndogo. Vibali vingi vya Marekani vya vifaa hivi vinataja ngozi za aina ya I hadi IV kwenye kipimo cha Fitzpatrick, kinachopanga ngozi kuanzia nyeupe sana hadi nyeusi sana. Aina ya V na VI, yaani weusi wa kukolea, hazimo. Hiyo haina maana kwamba mwanga haufanyi kazi kwenye ngozi nyeusi. Maana yake ni kwamba melanini, ile rangi inayoifanya ngozi iwe nyeusi, hufyonza sehemu ya mwanga juu juu na kuugeuza joto, na majaribio hayakuwapima watu hao vya kutosha. Kama ngozi yako ni nyeusi, wiki mbili za kwanza tumia nusu ya muda ulioandikwa, uguse ngozi mara tu baada ya kikao. Vuguvugu ni sawa. Ikichoma, punguza muda au sogeza taa mbali.

Hatua ya tatu: chagua kifaa

Kitana cha leza hupenyeza mwanga kati ya nywele na hugharimu kidogo, lakini mkono ndio unaofanya kazi, na mkono huchoka. Ukanda wa kuvaa kama taji hufunika sehemu, kisha unausogeza. Kofia au helmeti hufunika kichwa chote kwa pamoja, nawe unaendelea na shughuli zako. Paneli ya mwili mzima nayo inafaa, mradi ukubali kukaa umeinamisha utosi mbele yake bila kusogea. Kwa mtu anayejijua mvivu ningechagua kofia bila kufikiri mara mbili. Katika tiba hii kifaa kizuri ni kile utakachokitumia mwezi wa nne, shauku ikishaisha.

Kwenye karatasi ya maelezo tafuta namba. Urefu wa wimbi uwe kati ya nanomita 630 na 670. Tafiti nyingi zimetumia 655 au karibu na hapo. Baadhi ya vifaa huongeza infraredi ya nanomita 800 hadi 850, inayozama zaidi ndani ya ngozi. Usishtuke ukiona nusu ya vitaa havionekani kuwaka, kwa sababu jicho haliioni infraredi. Elekeza kamera ya simu kwenye taa, hasa ile ya mbele, na mara nyingi utaona nukta za zambarau hafifu zikiwaka pale ulipodhani ni giza. Kifaa kinachodai kuwa na infraredi na kamera haioni kitu, kitilie shaka.

Kuhusu leza na LED, vile vitaa vidogo visivyo vya leza, watu hubishana sana. Leza ndizo zilizotangulia na zina tafiti nyingi zaidi. Baadhi ya majaribio yaliyofanikiwa, kwa wanaume na kwa wanawake, yalitumia kofia iliyochanganya zote mbili, nanomita 655, dakika 25 kila baada ya siku moja kwa wiki 16, na nywele zikaongezeka kwa zaidi ya theluthi moja zikilinganishwa na za waliovaa kofia bandia. LED peke yake ni rahisi zaidi na ni laini kwa macho. Mimi sioni sababu ya kukopa fedha kwa ajili ya leza.

Sasa kipimo. Chukua nguvu inayofika kwenye ngozi, kwa miliwati kwa sentimita ya mraba, zidisha kwa sekunde za kikao, gawanya kwa 1,000. Jibu ni juli kwa sentimita ya mraba, na wengi hulenga kati ya 3 na 6. Kofia yenye miliwati 5 ukiivaa dakika 20, yaani sekunde 1,200, inakupa juli 6. Paneli yenye miliwati 50 inakufikisha hapohapo kwa dakika 2. Umeona tofauti? Ndiyo maana kunakili muda wa jirani yako ni hatari kama kunakili namba ya miwani yake. Muuzaji asiyeweza kukupa namba hiyo hata ukimwandikia, mwache na taa yake.

Na tafadhali, balbu nyekundu ya kupashia vifaranga joto si kifaa hiki. Ile hutoa joto jingi na mwanga uliotawanyika, na itakuunguza kabla haijakuotesha chochote.

Hatua ya nne: piga picha za mwanzo

Hatua hii hurukwa kuliko zote, na baadaye huliliwa kuliko zote. Mimi mara ya kwanza nilipiga picha za mwanzo bafuni usiku chini ya balbu moja ya juu, na za miezi minne baadaye dirishani asubuhi. Nilifurahi siku mbili nzima. Kisha nikarudi bafuni nikapiga tena palepale usiku, nikakuta kichwa ni kilekile.

Chagua sehemu moja, saa moja, taa moja. Nywele ziwe safi, kavu, hazina mafuta wala dawa ya kuzipa umbo. Piga picha tano: mbele ukiwa umeinamisha kichwa, utosi, panja zote mbili, na njia ya katikati iliyopasuliwa kwa kitana. Weka alama ya tepu sakafuni pa kusimamia. Andika tarehe. Rudia kila baada ya wiki 8, na katikati ya hapo jizuie kukagua kioo, kwa maana jicho linaloangalia kila siku haliachi kudanganya.

Hatua ya tano: kikao chenyewe

Osha nywele jana yake au siku hiyohiyo, uziache zikauke. Mafuta mazito, jeli, unga wa kujazia nywele na mba iliyoganda vyote husimama kati ya taa na ngozi. Wigi na nywele bandia za kushonea zitoke. Misuko nayo ina hila yake: mistari iliyo wazi kati ya suko na suko hupata mwanga, lakini chini ya suko lenyewe ni kivuli kitupu.

Unywele huzuia mwanga, na hapo ndipo kikao hupata au hukosa. Kwa nywele fupi sana huna kazi, vaa kofia tu. Kwa nywele ndefu au nzito, kaa mbele ya kioo na mkia wa kitana. Pasua njia kutoka paji la uso hadi utosini, sukuma nywele huku na huku mpaka uone mstari mweupe au wa kahawia wa ngozi, ubane kwa vibanio. Acha upana wa vidole viwili, upasue njia nyingine sambamba na ile. Njia tano au sita zinatosha sehemu ya juu ya kichwa. Kikao kijacho zisogeze kwa upana wa kidole, ili ngozi iliyokuwa kivulini jana ipate zamu yake leo. Ukitumia kitana cha leza, kitie kwenye ngozi, kiache sekunde chache kama maelekezo yake yanavyosema, kisha kisogeze kama sentimita moja. Usikiburute kama unachana nywele.

Ukitumia paneli, shika umbali ulioandikwa, kwa kawaida kati ya sentimita 15 na 30, kwa kuwa nguvu hushuka kadiri unavyosogea. Vaa miwani ya kinga. Kofia haihitaji miwani ikiwa imekaa vizuri, ila usiiwashe ukiwa umeishika mkononi na kuchungulia ndani. Watoto ndio hupenda kufanya hivyo, kwa hiyo iweke juu.

Hatua ya sita: ratiba, na kwa nini kuzidisha hakusaidii

Mara 3 kwa wiki, siku ikipita katikati, ndiyo ratiba yenye ushahidi mwingi. Vifaa vingine huagiza dakika chache kila siku. Fuata cha kwako. Kukosa kikao kimoja si kitu, lakini usikilipe kwa vikao viwili siku moja.

Seli huitikia mwanga kama mche unavyoitikia maji. Mdogo haufanyi kitu, wa kiasi huchochea, na ukizidi seli hurudi nyuma. Mtu akiniambia anavaa kofia saa nzima asubuhi na jioni "ili iharakishe", namwambia apumzike wiki moja kisha aanze upya kwa kipimo.

Fungamanisha kikao na jambo unalolifanya tayari: kunywa chai, kusikiliza habari, kupiga pasi. Mimi nimeweka kofia juu ya birika.

Kuchanganya na dawa nyingine

Minoksidili, dawa ya kupaka ya kuotesha nywele iliyoidhinishwa Marekani tangu mwaka 1988, huenda vizuri na mwanga, na wengi hupata zaidi kwa vyote viwili kuliko kwa kimoja. Mulika kwanza ngozi ikiwa kavu, kisha paka. Finasteridi ya kumeza huzuia homoni inayodhoofisha mizizi ya upara wa kurithi. Hiyo ni ya daktari kuandika, na mwanamke mjamzito au anayeweza kushika mimba asiitumie. Kirola cha vijisindano, kama unacho, kitumie siku isiyo ya mwanga, na uache ngozi ipoe kabisa kabla ya kikao kinachofuata.

Mafuta ya kila namna yanayouzwa pamoja na taa, yaache dukani.

Kusubiri, na kusoma matokeo

Kati ya wiki ya 3 na ya 8 huenda nywele zikadondoka zaidi. Mizizi iliyopumzika inapoamka husukuma nje unywele wa zamani. Hapa ndipo wengi huizima taa, wakati huohuo inapoanza kazi. Kudondoka huko kukizidi miezi miwili, au kukija na maumivu au mabaka, rudi kwenye hatua ya kwanza.

Mwezi wa tatu, dalili ya mapema huonekana kwenye sinki na kitana, siyo kwenye kioo: nywele zinazotoka hupungua. Mwezi wa nne au wa tano, pasua njia tena dirishani utafute vile vinywele vya mwanzo. Ukiviona vimenenepa, vimekoza rangi na ncha zake zimechongoka, ni vipya, maana unywele uliokatika huwa na ncha butu. Mwezi wa sita, weka picha za mwanzo na za sasa ubavu kwa ubavu, umpe mtu asiyejua ipi ni ipi achague. Akishindwa, au akichagua kinyume, hujapata kitu. Kiuze kifaa kikiwa bado na thamani, uzungumze na daktari wa ngozi kuhusu njia nyingine.

Akipatia, endelea. Ukiacha, mizizi itarudi polepole kwenye hali yake ya urithi na utakachokipata kitapotea ndani ya miezi kadhaa. Baada ya mwaka wa kwanza unaweza kujaribu kushuka hadi vikao viwili kwa wiki kwa miezi miwili huku ukipiga picha. Zikibaki vilevile, baki hapo. Zikipungua, rudi kwenye vitatu. Futa ndani ya kofia kwa kitambaa chenye unyevu kidogo kila wiki, ikiwa imechomolewa kwenye umeme, kwa kuwa jasho na mafuta ya kichwa huganda juu ya vitaa na kula mwanga unaoufuata.